Mashine Ilinyamaza, na Aliyeiandika Ni Mimi

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa, hapa Eldoret tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, nimezaliwa na kulelewa Munyaka. Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni, huko Chepkoilel, na ni rafiki yake wa kanisani aliyenishika mkono mpaka nikamaliza masomo. Huyo mzee tunamwita Engineer. Ana karakana ya kuunda vifaa vya kliniki, na ndiye aliyeniajiri. Mkisoma haya mjue naongea juu ya mtu ambaye mama yangu humwombea kila siku.

Mwaka juzi tuliunda mashine ya kuangalia watoto wachanga. Unafunga waya kwa mguu wa mtoto, inasoma oksijeni kwa damu, na ikishuka chini ya asilimia tisini inalia. Nesi huandika jina la mama kwa mashine ndio watoto wasichanganywe. Chip tuliyotumia ilikuwa ndogo sana, haingebeba zile programu za kawaida za kushughulikia maandishi, kwa hivyo Engineer akaniambia niandike zangu kwa assembly. Hiyo ni lugha ya chini kabisa, unaiambia chip kila hatua: chukua herufi hii, iweke pale, songa mbele. Niliandika ya kuhesabu herufi, ya kulinganisha majina, na ya kunakili jina kutoka kwa vitufe hadi mahali pake. Hiyo ya kunakili ilikuwa mistari saba tu. Niliipenda hadi nikaweka jina langu juu yake.

Mwezi uliopita, saa nane mchana, katika kliniki moja iliyonunua kwetu, mtoto wa siku tatu alifariki akiwa amefungwa kwa hiyo mashine. Nesi aliyekuwa zamu ni mama mtu mzima kutoka upande wa Bungoma. Alisema alikuwa anahudumia mtoto mwingine na mashine haikulia. Tuliitwa mkutano. Engineer akaizima, akaiwasha, akaandika jina fupi, akaijaribu mbele ya wote. Ikalia vizuri. Wakanigeukia mimi, nikawaambia mashine haina shida. Nilisema hivyo bila kuangalia chochote. Nesi akasimamishwa kazi, wakasema alilala.

Jumamosi yake alikuja karakana, nikiwa peke yangu. Nilijua amekuja kunitukana. Alikaa tu, mkoba kwa magoti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Msichana wangu, sikuja kugombana. Kila mtu anasema ililia. Hata mimi nimeanza kuona kama labda nililala. Wewe niambie ukweli, inaweza kukosa kulia?"

Sijui kwa nini nilimuuliza aliandika jina gani. Akalitaja la kwanza na la pili, analijua kwa moyo. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza, pamoja na ile nafasi ya katikati. Kumi na sita.

Nilimwambia nitaangalia. Alipotoka nikaandika jina hilo kwa mashine tuliyobaki nayo na nikashusha oksijeni hadi themanini, sabini, hamsini. Kimya. Wacha niwaeleze kwa urahisi. Nilitenga nafasi kumi na sita za jina. Lakini jina likiisha, chip lazima iweke sifuri ya kuonyesha mwisho, na hiyo sifuri pia inataka nafasi yake. Jina likiwa na herufi kumi na sita, sifuri inaangukia nafasi inayofuata, na hapo ndipo nilikuwa nimeweka ile tisini. Kuanzia hapo mashine inangoja oksijeni ishuke chini ya sifuri ndio ilie. Ukiizima na kuiwasha, tisini inarudi, na huwezi kujua kulitokea nini.

Jumatatu nilimwambia Engineer. Alifunga mlango kwanza. Hakuniuliza kuhusu mtoto. Aliniuliza, "Nani mwingine anajua?" Nikasema hakuna. Akanieleza polepole, kama baba, kwamba tutabadilisha zote kimyakimya tukienda service mwezi ujao, na kwamba hakuna daktari anayeweza kuapa yule mtoto angepona. Halafu akasema, "Na hiyo code ina jina la nani juu yake, my daughter?"

Siku iliyofuata nilikuta code ya zamani, ile programu niliyoandika, imefutwa kwa kompyuta ya kazi. Hajui nina nakala. Jumapili akapitia kwetu baada ya ibada, na nilipofika mama akaniambia Engineer ana wasiwasi na mimi, eti siku hizi naona vitu ambavyo haviko, nipewe likizo nipumzike. Mama aliniangalia vile mtu huangalia mgonjwa.

Mashine sita bado zinatumika katika kliniki tatu. Nilizipigia kliniki simu nikijifanya ni utaratibu mpya, nikawaomba waandike jina moja tu la mama. Mbili zilikubali. Ya tatu, ile alikofia yule mtoto, nesi kijana aliniambia baada ya kesi wameamriwa waandike majina kamili. Nikamuuliza nani yuko kwa mashine saa hiyo. Akanisomea jina la mama. Nikahesabu, kumi na nne. Nikashukuru nikakata simu, lakini kesho watalaza mwingine.

Alhamisi kamati ya kliniki inamsikiliza yule nesi aliyesimamishwa. Engineer ameshaandika barua kwamba mashine ilikaguliwa ikapatikana sawa, na mahali pa sahihi ni pangu. Nikitia sahihi, namzika mwanamke asiye na kosa, na watoto wanabaki na mashine bubu. Nikikataa, naweza kushtakiwa kwa kifo cha mtoto, na namwangusha mtu aliyenisomesha. Yule nesi alinipigia leo asubuhi kuniuliza kama nimeangalia. Nilimwambia bado.

Ndugu zangu mnaosoma, msiniogope na msinipake mafuta. Leo ni Jumanne. Nianzie wapi, na niende kwa nani kwanza?