Marinda ya Kushoto

Lai Qiuyun, muuza tofu, alizaliwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Miaka arobaini na mitano alibeba tofu kwa mzegazega begani, asubuhi Shibei alikoolewa, mchana Youkeng ng'ambo ya mto alikozaliwa, na hakuna posa, mimba wala ugomvi uliompita. Walimwita Redio. Hakukasirika, alitaka tu kujua nani alianza kumwita hivyo.

Swali moja ndilo lililomshinda. Utotoni, kila siku ya kufyeka makaburi, mama yake akimaliza ya kwao alisogea hatua kumi akafyeka kaburi la jirani, mjane aliyekufa bila mtu. "Si ndugu yetu, tunamfyekea nini?" Mama akajibu, "Mwenyewe anakuja." Mwenyewe nani? Anatoka wapi? Akazabwa kofi, na mpaka mama anazikwa hakupewa jibu jingine.

Sasa mwaka mmoja, siku mbili kabla ya kufyeka, akaingia Shibei mgeni kutoka mjini, Wen Shulan, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Mama yake, Jinfeng, alikuwa amefariki wakati wa baridi. Mwaka wa njaa, akiwa na miaka saba, Jinfeng alikabidhiwa wapita njia wakamlee, na kuhusu mahali pa kwao alikumbuka kimoja: daraja la mawe lenye matao matatu. Kabla hajakata roho alimwomba mwanawe ampelekee mama yake kaburini mkate wa majani ya pakanga na mchele, wa kubanwa ukingo, autengeneze kama alivyofundishwa.

Daraja la mawe ni la Shibei. Hata kuku wa Shibei wanajivunia. Kwa hiyo Mzee Zhuo, mtunza kitabu cha ukoo, akakipekua siku mbili nzima. Angepata nini? Mabinti hawaandikwi humo! Lakini mwanaume akishika kitabu, nani atamwambia?

"Hayupo," alisema siku ya tatu, ndiyo siku yenyewe ya makaburi. "Pengine mama yako alichanganya."

Shulan akakaa kizingitini na kikapu chake mapajani, akalia bila kujificha. Basi la kurudi mjini lilikuwa saa kumi.

Qiuyun akatua mzegazega. "Una nini humo, mwanangu?"

"Redio imewashwa," Mzee Zhuo akaguna.

"Wewe umesoma kitabu siku mbili. Niache mimi nisome kikapu."

Akafunua. Mikate ya kijani, na chini ya kila mkate jani la mbalungi. Shibei hutandika jani la mgomba. La mbalungi ni la Youkeng. Halafu akaona ukingo ulivyobanwa: marinda yote yamelala kushoto. Qiuyun akaugeuza mkate mara mbili bila kuuliza kitu, na waliokuwapo wakaingiwa na hofu. Wanawake wote aliowajua walibana kulia. Mmoja tu alibana kushoto, yule mjane jirani, aliyekuwa akimpa mkate wa moto alipokuwa mdogo.

"Nani kakufundisha kubana hivi?"

"Mama. Nikilaza kulia alinichapa vidole. Na wala hakuwa mashoto."

"Daraja lina ncha ngapi, mwanangu?"

"Mbili, shangazi."

"Umesikia, Mzee Zhuo? Mbili!"

Akaiacha tofu juani, akamshika Shulan mkono, wakavuka. Njiani akaanza kujiuliza mwenyewe. Je, kama amekosea? Amemtia mtoto wa watu tumaini la bure?

Mlimani wakamkuta Caiping, mke wa kaka yake, ameshafyeka ya kwao na anasogelea lile la jirani.

"Wifi kaja bila tofu! Nani kafa?"

"Hebu acha utani. Hili kaburi, mama alikwambia nini?"

Caiping akainamisha macho. "Mjane alimtoa bintiye mwaka wa njaa, akaona haya, akawaambia watu kafa. Alipokaribia kufa akamwomba mama alisafishe kaburi lake, mtoto akirudi asikute pori. Mama akanionya nisikwambie wewe. Alisema ukijua, jua halizami kabla mto mzima haujajua."

Qiuyun akaumia, akaumia kweli. Angeambiwa, angemuuliza kila aliyepita darajani miaka yote ile. Na Jinfeng alikuwa hai mpaka juzijuzi tu.

"Binti kafa, wifi," akasema, akafunua kikapu. "Huyu ndiye mwanawe."

Caiping akautazama mkate, akautazama uso. Machozi yakamlenga. Akamnyooshea Shulan mundu. "Tumekufyekea muda mrefu, mwanangu. Haya, shika."

Shulan akapiga magoti, akafyeka ovyo kama watu wa mjini, kisha akauweka mkate juu ya udongo. Qiuyun akaketi kando yake.

"Mama yako alipenda kula nini? Alizaa wangapi? Alikuwa mtu wa kucheka?"

Shulan akaanza kujibu kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," Qiuyun akamwambia. "Mama yake asikie."