Mtandika Vitanda wa Bellamonte

Saa kumi na nusu jioni, na jua la Desemba limekwisha kuzama nyuma ya miti ya Champlin. Katika chumba namba 14 cha nyumba moja ya kulelea wazee, kando ya mto Mississippi, Elihuruma Mbwambo anajiandaa kutandika kitanda.

Kabla ya kugusa shuka anafanya jambo la ajabu kidogo. Analaza kiganja upande wa dirishani, anasubiri. Anazunguka hadi upande wa mlangoni, analaza kiganja tena, na huko anasubiri zaidi, kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Haya," anasema taratibu, kisha anaanza kazi.

Kwenye kiti cha dirishani ameketi Bi Lois, mwenye umri wa miaka 86, shali mabegani, akiutazama mto ulioanza kuganda kingoni. Aliamka kutoka usingizi wa mchana saa tisa kamili, na tangu hapo hajasogea.

"Leo tuko meli gani, Eli?" anauliza. Wawili hawa huzungumza Kiingereza; hapa maneno yao yamefasiriwa.

"Chagua wewe, madam."

Huu ni mwezi wa nane wanacheza mchezo huo. Mmoja anataja meli, mwingine anaeleza uzuri wake, halafu wanabishana kama mashabiki wa mpira siku ya Jumatatu.

Elihuruma, 52, ni mzaliwa wa Same, mkoani Kilimanjaro. Alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli ya watalii jijini Arusha mwaka 1987, wakala alipokuja kutafuta vijana wa kufanya kazi kwenye meli za anasa. Alikaa baharini miaka kumi na miwili, kwenye meli tatu za kampuni moja. Mwaka 2000 alimfuata mkewe Imelda, aliyekuwa amemaliza masomo ya uuguzi hapa Minnesota. Sasa wanaishi Brooklyn Park, naye analipwa dola 11 na senti 40 kwa saa kuwaogesha, kuwalisha na kuwatandikia wazee.

"Nimetandika vitanda maisha yangu yote," anasema. "Ukiniuliza habari za kapteni, sijui kitu. Niulize nani alilala vipi."

Bi Lois na marehemu mumewe, Solomon, walikuwa wateja wa kampuni hiyo hiyo. Walisafiri nayo mara tisa. Ndiyo maana meli zinazotajwa kila jioni ni zile zile tatu: Isaura, Halvorsen na Bellamonte.

"Isaura," anaanza bibi. "Abiria mia mbili tu. Maktaba ilinukia nta. Na mpishi alitoka mwenyewe kuuliza kama supu imekukolea."

"Kwenu huko juu ilikuwa peponi," Elihuruma anajibu huku akinyoosha shuka. "Sisi tulilala wanne wanne chini ya usawa wa maji. Kila wimbi lilinibishia hodi sikioni."

Yeye anaipa namba moja Halvorsen, meli ndogo iliyokwenda kwenye barafu. Sakafu za bafu zilikuwa na joto, jikoni walipika wali wa wafanyakazi kila siku, na injini ilikuwa kimya kiasi kwamba ulisikia barafu ikikwaruza ubavu wa meli.

"Kimya mno," bibi anapinga. "Ukipiga chafya, unaambiwa pole na chumba cha nne."

Wanacheka wote wawili. Halafu bibi anataja Bellamonte, na Elihuruma anaacha kucheka.

Bellamonte ilikuwa kubwa kuliko zote: abiria mia saba, ngazi za kioo, kila chumba na baraza lake, na piano iliyojipiga yenyewe saa ya chai. Uzuri huo wote wameueleza mara nyingi. Bibi anasema kuna kitu kimoja ambacho meli nyingine hazikuwa nacho.

"Kitu gani?" anauliza mwandishi wa makala haya.

"Ilinirudishia Solomon," anajibu, bila kugeuka kutoka dirishani.

Upande wa mlangoni, Elihuruma anakunjua pajama ya kiume ya mistari ya buluu na kuiweka juu ya mto. Kisha anaweka chokoleti mbili, moja kila mto. Chumba hiki kina mkazi mmoja.

Hadithi yenyewe anaisimulia baadaye, kwenye chumba cha chai cha wafanyakazi, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Anaomba mlango ufungwe.

Ilikuwa Oktoba 1996. Bellamonte ilikuwa imeondoka Lisbon kuvuka Atlantiki, na mbele kulikuwa na siku saba za maji matupu. Asubuhi ya kwanza Mzee Solomon alifia bafuni, akinyoa ndevu. Meli kubwa huwa na chumba cha baridi kwa ajili ya jambo hilo, maana abiria wengi ni watu wazima sana. Kwenye Bellamonte kilikuwa nyuma ya stoo ya maua.

"Nilimsindikiza mimi hadi huko chini," anasema. "Niliona mlango ukifungwa na ufunguo ukienda kwa daktari. Hilo nataka uliandike vizuri."

Mjane alikataa kuhamishwa chumba. Alimwomba mhudumu wake jambo moja tu: atandike kama kawaida. Pajama ya mzee upande wa mlangoni, chokoleti mbili.

"Nilimwonea huruma. Nikatandika."

Kesho yake asubuhi, bibi akiwa ameshakwenda kupata kifungua kinywa, Elihuruma aliingia kusafisha. Anasema aliishia mlangoni, akatazama kitanda.

"Mdogo wangu, kitanda hakinidanganyi. Mtu mmoja akihangaika usiku, shuka lote linavurugika, kama shamba lililopitiwa na ngiri. Wakilala wawili, katikati unabaki mstari. Pale mstari ulikuwepo. Mto wa mlangoni ulikuwa na shimo la kichwa. Na karatasi ya chokoleti ilikuwa imekunjwa mraba mdogo na kuwekwa kwenye kisahani cha sabuni. Mzee ndiye aliyekuwa na tabia hiyo."

Mwandishi alimwambia anachokifikiria msomaji yeyote mwenye akili timamu: mjane mwenye majonzi anaweza kulalia mito miwili, na anaweza kukunja karatasi.

Elihuruma hakukasirika. "Hata mimi nilijiambia hivyo. Siku ya nne nikaweka mkono. Mama alikuwa ametoka kitandani saa mbili zilizopita, na upande wake ulikuwa baridi kama bati. Upande wa mzee ulikuwa na joto."

Ilikuwa hivyo kila asubuhi hadi walipofika Barbados. Alitandika akisali. Hakumwambia mtu, kwa sababu mkuu wa wahudumu alikuwa na sheria moja isiyoandikwa: anayezungumzia mizimu mbele ya abiria anashushwa bandari inayofuata na kurudishwa kwao. Same kulikuwa na wadogo zake watatu wanaosoma kwa mshahara wake.

Siku ya kushuka, bibi alimshika mkono pale mlangoni. Alimwuliza hivi: "Wewe ndiye unayetandika. Umeona, sivyo?"

"Nikamwambia, 'Hapana, madam. Sikuona kitu.'" Elihuruma anaweka kikombe mezani. "Alilia. Alikuwa hajalia siku zote saba, akalia pale. Mimi nikachukua bahasha ya bakshishi, nikaondoka. Mpaka leo naona aibu."

Aprili mwaka huu 2007 akahamishiwa kwenye korido ya chumba namba 14. Kabla hajaona sura aliona ndala mbili za kiume chini ya kitanda, pua zikielekea mlangoni, kama za Mzee Solomon zilivyokaa melini miaka kumi na moja iliyopita. Akasoma jina. Bibi hakumtambua, naye alimwambia tu kwamba aliwahi kufanya kazi kwenye meli za kampuni ile.

Angeweza kunyamaza milele. Kilichomfanya aseme ni kitanda.

Vitanda vya hapa ni vyembamba, vya mtu mmoja. Bi Lois alikuwa akilala ukingoni kabisa ili kumwachia Solomon nafasi. Mwezi Oktoba alianguka mara mbili, na mara ya pili alipasuka juu ya jicho. Uongozi ukaamua ahamishiwe wodi ya nyuma, yenye mlango wa kufungwa kwa namba, vitanda vya vizuizi, na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Binti yake, Susan, mwalimu anayeishi Oakdale, aliitwa kuja kusaini.

Bibi aliyekuwa akibishana kuhusu meli akaacha kula. Alimwuliza kila aliyeingia swali lile lile: kuna yeyote atakayesema mimi si kichaa?

Margaret Kemunto, muuguzi Mkenya anayesimamia zamu ya mchana, ndiye mtu wa kwanza kuambiwa siri hiyo. Anakumbuka alivyomjibu.

"Nilimshow, Eli, wachana na hiyo story kabisa! Hapa uki-talk mambo ya mashetani mbele ya family, wata-ku-report, na job imeenda. Una mortgage, wewe!" Anatikisa kichwa. "Lakini huyo mzee wa Tanzania ni mkaidi. Aliingia meeting na apron."

Ilikuwa Jumanne, wiki ya pili ya Novemba. Walikuwepo Susan, mkurugenzi wa nyumba, Kemunto, na Bi Lois mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu, bandeji juu ya jicho. Karatasi za uhamisho zilikuwa mezani. Elihuruma aliomba dakika tano, akasimulia yote: Lisbon, stoo ya maua, mstari wa katikati, joto. Akamalizia na uongo wake pale mlangoni.

 Kemunto anasema alikuwa akiangalia zulia muda wote, akingoja kusikia mtu anafukuzwa kazi.

Bi Lois ndiye aliyezungumza kwanza. Alimtazama mhudumu wake muda mrefu, kuanzia viatu hadi nywele zilizoanza mvi.

"Wewe ndiye uliyeniambia hapana," alisema.

"Ni mimi, madam. Nilikudanganya. Niliona."

Kikongwe alifumba macho. Halafu aliomba supu.

Susan alikubali kuzungumza na gazeti hili kwa simu, kwa maneno machache. "Siamini mizimu," alisema. "Mama yangu alimwambia kila mtu kuhusu wiki ile, na sote tulimwonea huruma. Baba alikunja karatasi za chokoleti namna hiyo. Yule bwana angejuaje, kama hakuwepo?"

Hakusaini. Jumamosi iliyofuata alikuja na gari la mizigo kutoka Oakdale, akaleta kitanda kipana cha wazazi wake. Ilibidi kabati litolewe ndipo kikaenea. Mkurugenzi alitoa ruhusa kwa maandishi, akamwomba Elihuruma asisimulie tena habari za meli kwenye mikutano. Tangu siku hiyo bibi hajaanguka, na uzito wake umepanda kilo mbili.

Sasa ni saa kumi na moja na robo, na tumerudi chumba namba 14 kwa sababu mwandishi ameomba, jambo analojutia mpaka leo. Ameomba kugusa.

"Nimeshatandika, umechelewa," Elihuruma anatania. Kisha anafunua blanketi. "Haya. Anza dirishani."

Upande wa dirishani ulikuwa baridi. Upande wa mlangoni, chini ya shuka safi lililotandikwa dakika arobaini na tano zilizopita, palikuwa na joto, tena joto la kutosha. Mwandishi aliinama kutafuta bomba la kupasha chumba. Liko chini ya dirisha, upande ule wa baridi. Aliuliza kama kuna blanketi la umeme. Halipo, yamepigwa marufuku kwa kuhofia moto.

"Amewahi leo," anasema Bi Lois kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Baridi hii. Mto ukiganda huwa anawahi."

Mwandishi alitoa mkono. Usiku huo aliendesha gari hadi kwake Burnsville na redio ikiwa juu.

Imelda amekuwa akimwomba mumewe miaka saba sasa wasafiri na meli, wao wawili, kama abiria. Wenzake kazini wameshakwenda, wamerudi na picha za ngazi na machweo. Elihuruma amekuwa akimpiga chenga: mara bei, mara baridi, mara zamu. Ukweli, anasema, ni kwamba aliogopa. Bellamonte ingali inasafiri, ikiwa na jina jipya na rangi nyingine, na hakutaka kulala kwenye kitanda ambacho hajui nani mwingine anakilalia.

Kabla ya kuondoka chumbani, swali la mwisho lilikuwa lile la kawaida: ana mpango gani wa mbele?

Anafikiri kidogo, akipangusa ukingo wa meza usio na vumbi, kisha anajibu kwa Kiswahili, ambacho bibi hakijui.

"Bibi hataishi sana, madaktari wamesema. Naomba iwe humu ndani, mto akiuona, na iwe zamu yangu. Wakishamchukua, nitaingia peke yangu kutandika mara ya mwisho. Nitaweka mkono dirishani, halafu mlangoni."

Anatazama dirishani. Nje, taa za upande wa pili wa mto zimewashwa.

"Nikikuta pande zote mbili ni baridi, nitajua wameshuka pamoja. Hapo nitarudi nyumbani nimwambie Imelda akate tiketi."

"Na ukikuta upande mmoja bado una joto?"

Elihuruma anaangalia pajama ya buluu iliyolala juu ya mto, anainyoosha kola.

"Basi nitaendelea kutandika," anasema.