Saa Kifuani mwa Babu Fransisko

Babu yangu Fransisko alikwenda India na moyo mbovu, akarudi na moyo unaolia kama saa ya ukutani. Walimwekea mlango mdogo wa chuma humo ndani, na ukizima redio ukakaa naye barazani unausikia: ti, ti, ti. Miaka hiyo ya soko huria kila kitu Morogoro kilitoka nje, mashati, friji, viatu vyenye jasho la Mzungu. Babu naye akawa anajigonga kifua mbele ya wageni: "Huu nao mtumba. Ila saizi sikuchagua mimi."

Kabla ya kisu alikuwa katekista na mkulima wa mdalasini kule Kinole, mzee wa sitini na kitu anayepanda mlima huku anaimba. Sasa aliishi kwa mama yangu, huku chini Bigwa, akiutazama mlima kama mtu anayemtazama mkewe wa zamani akipita na bwana mwingine. Alitaka jambo moja tu, arudi kwenye shamba lake. "Lake" ni neno la adabu. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mkubwa wa ukoo ni dada yake, Bibi Theresia. Akinuna yeye, huna pa kupanda hata kitunguu.

Daktari alimpa dawa ya kuzuia damu isigande kwenye chuma, ya kumeza maisha yote, na akamwonya juu ya mboga za majani kwamba zinavunja nguvu ya dawa. Mimi nilikuwepo. "Na mlio ukififia," akasema, "msingoje kesho."

Ndipo Bibi Theresia akateremka na kapu la mnafu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mdogo wangu kamwaga damu huko India, nanyi mnamlisha wali mweupe! Damu inarudishwa na mboga."

Nikamweleza habari za dawa, kwa maneno yote niliyotoka nayo kwenye diploma ya maabara kabla hatujaachana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Diploma yenyewe umeisoma nusu. Habari za mnafu zilikuwa kwenye nusu iliyobaki."

Hata mimi nilicheka. Ila alipomgeukia babu, bibi mwenyewe hakuwa anacheka.

"Fransisko. Mnafu wangu una nini?"

Kukataa chakula cha ndugu aliyekuja kukujulia hali ni kumwita mchawi mbele za watu, na Kinole tayari kulikuwa na midomo iliyosema moyo wa katekista haukuharibika bure. Babu akamtazama dada yake, kisha mlima.

"Hauna kitu, dada. Pakueni."

Akala. Bibi akaja tena, na tena, na majirani nyuma yake, huyu na matembele, yule na majani ya maboga. Mama alipojaribu kuficha bakuli, babu akamkemea. Nilipomkumbusha masharti, akanijibu taratibu:

"Mjukuu wangu, daktari ana dawa. Hana shamba."

Kipimo cha kuona kama dawa bado inafanya kazi kwenye damu yake kilipatikana Dar tu. Tukasema, baada ya Pasaka.

Jumapili ya Matawi, watu wametoka misani wamejaa barazani, Bibi Theresia aliinama akaweka sikio kwenye kifua cha mdogo wake. Uso ukamchanua.

"Njooni msikie! Kidude cha Wahindi kimenyamaza. Sasa moyo ni wake mwenyewe!"

Vigelegele. Akamshika bega: "Mvua zikikatika unarudi Kinole. Shamba lako lipo, hajaligusa mtu."

Babu alinitazama mimi, maana kile alichosema daktari tulikijua sote wawili. Kisha akamtabasamia dada yake, upande mmoja tu wa mdomo, na kijiko cha mnafu kikamponyoka mkononi.

Nikatoka mbio kutafuta gari. Huko nyuma bado walikuwa wanashangilia.