Maji ya Goli la Kaskazini

Monji Barkati alikuwa mtu wa nyasi. Kwetu Menzel Sidra wako watu wa zeituni, wako watu wa samaki, na wako wasio na kazi ila kukaa mkahawani kuilaumu serikali. Monji yeye alikabidhiwa uwanja wa klabu ya Amal akiwa kijana mwenye nywele kichwani, akazeeka nao. Nyasi zile alizijua kuliko alivyowajua wakwe zake. Ukizikanyaga na viatu vya kutembelea alikufokea hata kama wewe ni mwenyekiti wa klabu, na yuko mwenyekiti mmoja aliyefokewa mbele ya wageni wake akatoka nje kwa adabu. Mkewe, Saluha, alikuwa akisema kwamba siku akifa yeye, mumewe atauliza kwanza kaburi lake litapandwa nyasi gani.

Amal haikuwa timu ya makombe, tusidanganyane. Ilikuwa timu ya kubaki. Kila mwaka tulifunga Ramadhani, tulivuna zeituni, na mwezi wa tano ukifika tuliomba dua Amal isishuke daraja, nayo haikushuka. Tukazoea. Mtu akizoea kuokoka mwishowe hudhani kuokoka ni haki yake.

Mwaka huo mambo yalifika mechi ya mwisho. Tulitaka sare tu, nyumbani kwetu, na wageni walikuwa timu moja ya kusini yenye mawinga wawili wanaokimbia kama watu waliomwibia mtu. Mji mzima uliwazungumza mawinga hao wiki nzima. Monji aliwasikia dukani, msikitini, mpaka kwake mezani, na usingizi ukamhama.

Sasa, kwetu kuna desturi. Kipindi cha pili Amal hushambulia goli la kusini, wanakokaa mashabiki wenye ngoma na mabango, maana wachezaji wanasema kelele zile zinauvuta mpira wavuni. Nahodha wetu akishinda kura ya sarafu huchagua hivyo, na akishinda mgeni, kwa kawaida mgeni hajali. Kwa hiyo Monji alipiga hesabu yake. Kipindi cha pili, miguu ikishachoka, wale mawinga watakuwa wanalishambulia goli la kaskazini, lile la upande wa ukuta wa makaburi. Basi wakute uji.

Tangu alfajiri ya siku ya mechi alifungulia maji mbele ya goli lile, akaiacha ardhi inywe mpaka ikatosheka. Kisha akakata nyasi, akatandaza vipande vikavu juu yake, akaliachia jua limalizie kazi. Mchana ukipita hapo unaona zulia. Chini yake kulikuwa na bwawa. Hakumwambia kocha, hakumwambia Saluha, hakumwambia mtu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siku hiyo kata alikuwa yeye peke yake. Nitasema ukweli: alikwenda kula chakula cha mchana akijiona shujaa.

Sarafu ikarushwa. Nahodha wa wageni akashinda, akalitazama jua, akafikiri kidogo, akaonyesha kidole. Timu zikabadilishana pande.

Monji alikuwa amesimama kwenye kona na toroli lake, akaona hesabu yake yote imepinduka. Kipindi cha kwanza mawinga wale waliteleza kweli, mmoja mara mbili, na jukwaa likaangua kicheko.

"Hawajazoea nyasi hawa," Nuri muuza samaki alipaza sauti, naye ndiye aliyekuwa mdomo wa mashabiki. "Wamezaliwa jangwani. Waleteeni mchanga waswali."

Watu wakacheka, na Monji akajilazimisha kucheka. Lakini alijua kwamba baada ya mapumziko watakaoingia bwawani ni wetu.

Muda wa kusema ulikuwepo. Hili ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko maji yenyewe. Wakati wa mapumziko alikwenda mpaka mlango wa chumba cha wachezaji, akasimama na kofia mkononi. Kocha akatoka mbio, akamkuta.

"Vipi, ami Monji? Unataka nini?"

Alitaka kuyasema ya maji. Aliona uso wa kocha, akaona miaka yake yote ya sifa, akaona atakavyotazamwa.

"Hakuna kitu, kocha," akasema. "Nilikuwa nauliza kama vijana wanahitaji maji."

"Wanayo, Mungu akuweke."

Kipindi cha pili wageni walifunga moja, la kawaida tu, la kichwa. Amal wakahangaika. Dakika za lala salama beki wao akamwangusha mtu wetu ndani ya boksi la kaskazini, mwamuzi akaonyesha penalti, na uwanja mzima ukasimama. Aliyeuchukua mpira ni Wajdi.

Wajdi alikuwa mtoto wa jirani yake Monji, wa bi Mabruka mjane, ukuta kwa ukuta. Alipokuwa mdogo alikuwa anaruka uzio kuja kuchezea nyasi, na Monji akimkimbiza na reki, kisha siku nyingine akijifanya hamwoni. Sasa alikuwa na miaka ishirini na viatu vyeupe vipya alivyotumiwa na mjomba wake wa Genoa, ng'ambo ya bahari. Akauweka mpira, akarudi nyuma, akaja.

Monji alifumba macho. Hakuhitaji kutazama. Mguu wa kusimamia ulizama, ukateleza, kijana akaenda chini chali, na mpira ukapaa juu ya mwamba wa goli, juu ya ukuta, ukaangukia makaburini. Muda si mrefu filimbi ya mwisho ikalia. Amal imeshuka daraja.

Mimi nimeona misiba, lakini siku ile sijui niiite nini. Mpiga ngoma kubwa akaipiga ngoma yake pigo moja, polepole, halafu lingine, na watu wakauimba wimbo wa klabu wakilia, sauti zinakatika katikati ya maneno. Wazee walikaa kwenye ngazi wamejifunika skafu za manjano na kijani usoni. Mtu na shemeji yake, ambao hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya shamba, walikuwa wamekumbatiana wanatikisika. Geti likafunguka, watu wakaingia kiwanjani bila ghasia, wakabusu milingoti ya goli. Nuri alijilaza katikati ya uwanja, kifua chini, akalia na uso wake kwenye nyasi.

Ndipo mmoja alipong'oa kipande cha nyasi na udongo wake akakiweka ndani ya shati, kwamba hiki ni cha ligi kuu, hakitashuka nasi. Wengine wakaiga. Wakang'oa kwa funguo, kwa kucha, kwa visu vya kukatia bendera. Sehemu ya kaskazini, palipofia matumaini, ndiyo iliyogombaniwa zaidi. Monji aliyefokea wenyeviti hakuinua hata mkono. Alikaa juu ya toroli akalia kilio cha mtoto, na watu waliokuwa wakipita walikuwa wakimbusu kichwani.

"Pole, ami Monji. Wewe ulifanya yako yote."

"Laiti wote wangeipenda timu kama wewe."

Kila neno lilimwingia kama mwiba wa samaki.

Mji ulihitaji mtu wa kumlaumu, na mtu alikuwepo. Kesho yake ukuta wa bi Mabruka uliandikwa kwa rangi: *Viatu vya Genoa, miguu ya kuku*. Watoto wakatunga wimbo. Mkahawani walisema kijana alikuwa anaringa na viatu vyake, wengine wakasema amehongwa, na Nuri akasema kikulacho ki nguoni mwako. Mtu mmoja, hajulikani mpaka leo, alikwenda pale penalti ilipopigiwa, akang'oa bonge zima lenye alama ya mtelezo, akalitupa mlangoni kwa yule mjane. Wajdi akawa hatoki. Monji alikuwa akimsikia ng'ambo ya ukuta akikohoa, akifungua redio, akiifunga.

"Huli," Saluha akamwambia. "Siku ya tatu hii unaitazama kuskusi kama mtihani. Baba yako alikufa ukala."

"Timu imeshuka, mwanamke."

"Timu imeshuka, mume wangu, tumbo halijashuka. Una nini?"

"Sina kitu."

Alikuwa na kitu. Kila asubuhi aliamka akiwa ameazimia kusema, akaswali, akanywa kahawa, na kufikia saa nne azimio limeshapata udhuru. Leo watu wana hasira. Leo mwenyekiti hayupo. Leo mvua. Hakuogopa kufukuzwa kazi, maana uwanja wenyewe ulikuwa umebaki upara. Aliogopa ule upendo. Katika maisha yake hakuwahi kupendwa na mji kama alivyopendwa wiki ile, na ninyi mnaosoma msimhukumu haraka, kwa kuwa hilo ni jambo gumu kulirudisha.

Mwishowe alisema. Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala, mkahawa umejaa. Nuri alikuwa anasimulia tena habari ya viatu vyeupe, na mtu akacheka, na kicheko kile kikamchosha Monji. Akasimama.

"Mwacheni Wajdi," akasema. "Maji niliweka mimi."

"Maji gani?" Nuri akauliza.

"Goli la kaskazini. Tangu alfajiri. Nilitaka mawinga wao wazame, pande zikabadilishwa. Nikaona, nikanyamaza. Mtoto hana kosa. Kosa ni langu."

Monji alisubiri. Alikuwa tayari kwa matusi, kwa kiti kurushwa, hata kwa kofi. Nuri akaweka kikombe chini, akamwendea, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Ami Monji," akasema kwa upole, "mimi nililala kwenye uwanja ule. Vumbi tupu. Shati langu hata doa halikupata."

"Wewe ulilala katikati. Nakwambia boksini..."

"Kama palikuwa na maji basi ni machozi yetu." Akawageukia wenzake. "Mnamwona mtu mzima? Anajipaka matope mwenyewe ili mtoto wa jirani asafike. Na sisi tunatunga nyimbo. Hatuna haya."

"Nuri, nisikilize."

"Nimekusikiliza. Tumekusikiliza wote."

"Twendeni tukatazame," Monji akasema, akiuelekea mlango. "Chimbeni muone."

Lakini wachimbe nini? Ardhi ile ilikuwa imebebwa. Bwawa la Monji lilikuwa limetawanyika mji mzima, ndani ya makopo na sufuria kwenye vibaraza, na lililobaki jua lilikuwa limeshalikausha. Wakamkalisha, wakamwagizia chai yenye karanga, wakambusu bega. Mchana huohuo vijana watatu walichukua ndoo na brashi wakaenda kuufuta ukuta wa bi Mabruka. Nao walimsifu Monji njia nzima.

Jioni bi Mabruka alimwita juu ya ukuta, kama walivyozoea kuombana chumvi. Monji akazunguka akaingia uani. Mwanamke alikuwa mtulivu, amejifunga kitambaa kichwani, mikono ina sabuni.

"Nimeambiwa ulichosema mkahawani, kaka Monji."

"Ni kweli, bi Mabruka. Wallahi ni kweli."

"Najua ni kwa ajili yetu. Mungu akulipe kwa uongo huo. Uongo kama huo hauandikwi kuwa dhambi."

Monji akauliza: "Wajdi yuko wapi? Nataka nimwambie mwenyewe, uso kwa uso."

"Ameondoka jana. Amekwenda kwa mjomba wake, meli imeondoka asubuhi. Viatu ameviacha. Amesema mpira basi." Akafuta mikono kwenye gauni. "Ungesema jana angefurahi kukusikia. Ni bahati mbaya tu."

Monji akageukia mlango atoke.

Kando ya mlango palikuwa na kopo kubwa la nyanya, na ndani yake lile bonge lililotupwa mlangoni. Mjane alikuwa amelipanda. Alama ya mtelezo ilikuwa bado inaonekana katikati, ndefu, na nyasi pembeni zilikuwa zimegeuka manjano.

"Wajdi aliniambia, mama, usiiache ife," akasema. "Naimwagilia asubuhi na jioni, lakini tazama. Wewe ndiye mwenye kujua. Imepungukiwa nini?"

Monji akachuchumaa. Akaingiza kidole kwenye udongo, kikazama mpaka kiungo cha pili, kikatoka na tope.

"Haijapungukiwa," akasema. "Imezidishiwa maji. Imezama."

"Kumbe. Basi kosa ni langu."

"Si lako, bi Mabruka." Akakitazama kidole chake. "Si lako. Ni langu mimi."

Mjane akamtazama pale chini alipokuwa amechuchumaa, kidole kina tope, machozi yanamtiririka ndevuni, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

"Hata hili, kaka Monji?" akasema. "Hata hili unataka kulibeba wewe?"