Kofi la Mlangoni Makambako

Daktari aliponiambia nikirudi ulingoni jicho la kushoto litapofuka, nilimjibu sawa, nikatoka nje nikarusha ngumi hewani mpaka mlinzi akaniuliza kama niko salama. Salama gani, bwana! Bingwa mzima, na mkanda wangu, nimekaa Njombe nachungulia mahindi ya jirani! Nilizunguka chumbani mpaka mke wangu akasema nitatoboa sakafu.

Ndipo ikaja filamu. Nicheze mtu aliyekosa mazishi ya baba yake, anarudi Makambako, mama yake anamzaba kofi mlangoni. Basi. Nikajisemea, kazi rahisi kama hii!

Wa kunizaba alikuwa mama mkulima wa Wanging'ombe, aliyewahi kuigiza kanisani tu. Akanisalimu, "Kamwene, mwanangu," akanyoosha mkono. Nikakwepa. Mwongozaji akasema turudie. Nikakwepa tena. Jamani, sikutaka! Bega lake likicheza kidogo tu, kichwa changu kimeshaondoka. Mkono wake ukapita hewani, mama wa watu akayumba nusura aanguke, wapiga picha wakacheka. Nilitamani kumkunja mmoja wao.

Mwongozaji hakucheka. "Kaka, jua likizama bila kofi, kesho namwita kijana wa Iringa. Nisamehe."

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaruka ruka, baridi inanikata masikio. Nikikosa hii narudi kwenye kile chumba, na kile chumba kitanimaliza. Nilikuwa na hofu kuliko kabla ya pambano lolote.

Yule mama akanifuata, anajifunga kitenge vizuri.

"Mbona unanikodolea macho?"

"Natazama bega, mama. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Ebo! Mama yako akikugombeza ulikuwa unamtazama hivyo? Wewe mtoto wa wapi?"

Mtoto wa hapa hapa. Kwetu mama akikugombeza, macho yako ardhini, mikono imelegea, hata ukiwa na ndevu. Nilikuwa najua hilo kabla sijajua kuvaa glovu. Nilikuwa nimesimama mbele ya mama kama nasubiri kengele.

Tukarudi mlangoni. Safari hii niliangalia miguu yake, ina tope la shambani. Akaanza maneno yake, baba amezikwa wewe uko wapi, na mimi nikaona aibu ya kweli. Kofi likatua. Lilikuwa zito, acha tu, sikio zima likawaka. Machozi yakanitoka bila kuambiwa.

"Safi!" mwongozaji akapiga kelele. Wote wakapiga makofi. Nafasi ilikuwa yangu. "Mara nyingine tena, tuchukue kwa upande huu."

Mama akainua mkono. Nilingoja kichwa kikwepe chenyewe, moyoni nikakiomba kikwepe, japo kidogo tu. Kilitulia, kama kichwa cha mtu ambaye hajawahi kupanda ulingoni.