Pini Mdomoni

Fundi hakujua kushona bila pini mdomoni. Shangazi yake aliyemfundisha kazi alifanya vivyo hivyo: anapiga magoti mbele ya mteja, pini kazibana kwa midomo, anachomoa moja, anashika upindo, anachomoa nyingine. Mteja akiuliza jambo anajibiwa "mm" au "mm-mm", yamekwisha. Watu walimsifu Fundi kwa upole. Mama yule, walisema, hana maneno.

Hadi siku mteja mmoja alipomsimulia jinsi mkwewe alivyoteleza mbele ya wageni na trei nzima ya vikombe. Fundi akaangua kicheko, pini moja ikashuka kooni.

Ilitoka yenyewe baada ya siku kadhaa za roho juu, lakini daktari hakumung'unya maneno. "Mama, hii imekuhurumia. Nyingine itakupeleka kwenye kisu."

Fundi akala kiapo kwamba hatatia pini mdomoni tena. Mumewe, fundi bomba ambaye mizaha yake haina likizo, akasema, "Mke wangu, njaa ikikubana si useme tu? Ningekuletea misumari."

Binti yake, aliyeshona naye chumba kimoja, alimtengenezea kimto kidogo cha kufunga mkononi ili pini zikae hapo. Kilikuwa kizuri, cha kitambaa laini, na Fundi alikichukia tangu siku ya kwanza. Akijifuta jasho, kinamchoma shavu. Akiinama kukata, kinanasa kwenye kitambaa. Na mkono wenyewe haukutaka kusikia: ulichukua pini kwenye kopo, ukapita kando ya kimto, ukaenda moja kwa moja mdomoni, kama punda anayeijua njia ya nyumbani.

"Mama, mdomo!" binti aliita kutoka kwenye cherehani yake.

"Nimesikia."

Baada ya muda kidogo: "Mama!"

"Nimesikia, nimesema! Kwani mimi kiziwi?"

Lililomshangaza zaidi ni ulimi. Mdomo ulipokuwa mtupu, maneno yote aliyoyabana miaka nenda miaka rudi yalipata mlango. Mwalimu mkuu, mteja wao wa siku nyingi, alikuja kujaribu gauni la sherehe ya shule. Akajigeuza mbele ya kioo, akakunja uso.

"Fundi, hapa kiunoni umenibania."

Zamani angejibiwa "mm". Safari hii Fundi alisema, "Sijakubania. Nimeshona vipimo vya yule uliyekuwa mwezi uliopita. Huyu wa leo sijampima."

Mwalimu mkuu alivua gauni, akalisukumiza mkobani na kutoka bila kuaga. Binti akazima pasi.

"Mama, kweli afadhali..."

"Afadhali nini? Malizia."

"Afadhali ulipokuwa na pini."

Fundi alipandwa na hasira. Akageukia sketi iliyokuwa mezani, akaanza kuibana upindo kwa fujo. Mara akaona kiganja cha binti yake kimekingwa chini ya kidevu chake.

"Tema."

Mtoto huyu ndiye aliyekuwa akiokota vifungo sakafuni na kuvitia kinywani, na Fundi akimkingia kiganja hivyohivyo. Akatema. Zilikuwa mbili, na hakukumbuka hata moja ilivyoingia.

"Mkono wangu mwenyewe unanidharau," alisema. "Mtu mzima mimi! Nimelea watoto, nimezika wazazi, nashindwa na kipini?"

Binti akamshika bega, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Kesho yake Fundi alikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba radhi. Mwalimu mkuu alimsikiliza shingo upande, akalitoa gauni. "Lipanue," alisema. "Na unichukue vipimo upya, bila maoni." Fundi akampima palepale, ulimi kaufyata.

Siku ya kujaribu tena, binti alisimama pembeni akimpa mama yake pini mojamoja, kama muuguzi na daktari. Kazi ilikwenda polepole mno, na cherehani ya binti ilikaa bure mchana kutwa. Gauni likakaa vizuri. Lakini nani angeweza kufanya kazi hivyo kila siku?

Siku iliyofuata binti alitoka kununua uzi. Aliporudi alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti cha wateja, kimto kimevuliwa na kutupwa mezani, suruali ya mteja fulani imelala magotini nusu imebanwa.

"Leo nimekosea," alisema Fundi kabla hajaulizwa.

"Mara ngapi?"

"Usiniulize." Akakiokota kimto, akakifunga tena mkononi, akavuta fundo kwa meno. "Washa pasi, tuendelee."