Jina Lililokuwa Mgongoni Mwangu

Kisa hiki mke wangu ndiye hukisimulia, na kila akikisimulia anaongeza chumvi, kwa hivyo leo acheni niseme mwenyewe jinsi nilivyojiaibisha mbele ya ukumbi mzima wa Wamarekani.

Nilikuwa dereva wa ghala moja kule Al-Sulay, Riyadh, na Nekesa wangu alikuwa anafanya kazi ya nyumba Jeddah, safari ya siku nzima kwa gari, mwaka wa pili huo tunaonana kwenye simu tu. Sasa Ijumaa moja nimevaa jezi yangu ya mtumba (niliinunua nyumbani, soko la Gikomba, kwa sababu ya kitambaa, ni ya besiboli, mchezo ambao sijawahi kuutazama hata dakika tano), akapita Mista Harvi, mhandisi mzee wa Kimarekani aliyekuwa anahamia tawi la Jeddah. Akasimama, akakikodolea macho kifua changu.

"Wewe pia ni shabiki wa timu yetu?"

Ningesema hapana, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimesikia anatafuta dereva wa kuhamia naye Jeddah, basi nikasema, "Toka utotoni, bosi."

Wiki iliyofuata nikaambiwa nimpeleke Jeddah kwa majaribio, na kwamba jioni kutakuwa na karamu ya mashabiki, nisisahau jezi. Nikaipiga pasi, nikaitia kwenye begi. Njiani mzee hakunyamaza, na mimi, niseme ukweli, nilinogewa. Akanieleza habari za mjane aliyerithi timu kwa mumewe akakataa kuiuza, za mrusha mpira kiziwi aliyekuwa akisoma midomo ya wapinzani, na za mchezaji mweusi wa kwanza, ambaye hoteli zilimkataa akawa analala ndani ya basi, kesho yake anaamka anawashindia mechi. Huyo alinigusa moyo. Nikauliza alikuwa anakula wapi, wenzake walisema nini, alikuja kufa lini. Niliuliza kila kitu isipokuwa kimoja: huyu aliyeandikwa mgongoni mwa jezi yangu ni nani? (Shabiki wa toka utotoni anaulizaje hilo?) Tuliposimama kujaza mafuta nikalitafuta jina lenyewe kwenye simu, ikaniletea daktari wa meno. Nikajiambia mtandao wa jangwani una shida.

Ukumbini ikawa kila mwenye jezi anasimama kueleza anamuenzi nani. Zamu yangu ilipofika nikageuka, nikaonyesha jina, nikafungua mdomo. Nikasema huyu alikuwa mrusha mpira wa ajabu, alilala kwenye basi, aliwasoma wapinzani midomo, na alipotakiwa kuuzwa, mjane mwenye timu alilia. Watu wakatulia tuli, nami nikadhani nimewapata, nikaongeza kwamba marehemu baba ndiye aliyenihadithia.

Mama mmoja mwenye mvi akauliza kwa upole tu, "Alicheza miaka gani?"

Nikamtazama Mista Harvi anisaidie.

"Timu yetu haijawahi kuandika jina la mchezaji mgongoni," akasema taratibu. "Hilo ni la mtu aliyejiandikishia jezi yake dukani."

Walicheka hadi wengine wakafuta machozi. Mimi jasho lilinitoka na kiyoyozi kinavuma.

Asubuhi mzee hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Jezi ni kichekesho tu," akasema. "Lakini siku utakapopotea barabarani ukaona aibu kuuliza njia, mimi nitakuwa nimekaa nyuma." Akamchukua dereva mwingine.

Kabla ya kurudi Riyadh nilimwona Nekesa nusu saa, langoni kwa madam wake, nikamweleza yote. Alicheka, halafu akauliza.

"Kwa hiyo ni mwaka mwingine, Baba Wafula?"

"Ni mwaka mwingine."

"Na ungesema hujui, ungepungukiwa nini?"

Tangu siku ile nisipojua nasema sijui, na anayetaka kucheka acheke. Kicheko cha watu huisha baada ya dakika chache, lakini kule kuona aibu kuuliza kulininyima mke wangu mwaka mzima.